Siku Arobaini na Moja: Habari za Televisheni na Nchi ya Dhahabu

Habari ni amana. Mwenye kuichukua kutoka mahali ilipotukia na kuifikisha kwa asiyekuwapo amebeba mali ya watu wawili: mali ya yule aliyefikwa na jambo, na mali ya yule anayetaka kulijua. Akipunguza, amemdhulumu wa kwanza. Akiongeza, amemdanganya wa pili. Akiitupa njiani, amewakosea wote. Kwa hiyo tangu zamani watu wenye busara hawakuridhika kumpokea mjumbe tu, bali walimketisha na kumhoji. Insha hii inamhoji mjumbe wa zama zetu, yaani taarifa ya habari ya televisheni, na mahali pa kumhojia ni nchi ya dhahabu iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria: Geita, Kahama na Shinyanga.

Sababu ya kuandika ni kumbukumbu. Tarehe 15 Novemba 2025 ilitimia miaka kumi tangu wachimbaji watano watolewe hai katika shimo la Nyangarata, wilayani Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Kisa hicho kilisimuliwa duniani kote kama ajabu ya uhai wa binadamu, na hapana shaka ni ajabu. Walakini kina upande wa pili ambao haukusimuliwa sana. Wakati watu hao walipokuwa gizani, ni habari gani iliyokuwa ikitangazwa juu ya vichwa vyao? Swali hilo halikusudii kumtia mtu aibu. Lakusudia kuonyesha kwamba kukosoa habari ni kazi yenye historia katika nchi yetu, na kwamba pale kazi hiyo inapolegea, wako watu wanaolipa kwa roho zao.

Habari kabla ya picha

Nchi hii haikuanza kuwa na habari siku ilipofikiwa na kamera. Dhahabu ya Geita ilijulikana na Wajerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, ulifunguliwa mgodi mkubwa uliofanya kazi hata ukafungwa mwaka wa 1966. Katika muda huo magazeti ya Kiswahili yalikuwapo. Mambo Leo, gazeti la serikali, lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka wa 1923, na kurasa zake zilipokea barua za wasomaji wa bara na wa pwani, ambao walileta habari za kwao, wakasahihishana, na wakabishana hata juu ya neno moja la lugha. Msomaji wa siku hizo alikuwa na kalamu mkononi. Aliposoma jambo asilolikubali, alijibu.

Pale ambapo kalamu haikutosha, watu walitumia miguu. Mwaka wa 1958 serikali ya kikoloni ilitaka kuweka katika Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa, nao wenyeji wengi hawakulitaka. Chama cha TANU kilikuwa kimezuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka wa 1954, kwa hiyo hapakuwa na chama kilichoruhusiwa kuwasemea. Basi umati wa watu ulifunga safari kwenda Mwanza, makao makuu ya jimbo, ili watawala wasikie neno lao kutoka vinywani mwao wenyewe. Walikaa huko wakingoja jibu, na mwishowe wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa mahakamani kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowalaumu maofisa wa serikali, akatozwa faini. Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja. Kabla ya uhuru, kusema habari ya upande usiosikika ilikuwa sehemu ya siasa yenyewe, na waliofanya hivyo walijua gharama yake.

Redio nayo haikumwacha msikilizaji awe sikio tupu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951, na baada ya uhuru ikawa Redio Tanzania. Mwaka wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Watu waliketi pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Mtu aweza kusema kwamba yale yalikuwa mafundisho ya serikali na si habari, naye atakuwa amesema kweli. Lakini namna ya kupokea ndiyo ninayoitaja hapa: maneno yaliyotoka katika chombo hayakuwa mwisho wa mazungumzo, bali mwanzo wake.

Kuja kwa televisheni

Televisheni ilifika Zanzibar mwaka wa 1973, nayo ilikuwa ya rangi wakati ambapo nchi nyingi zilikuwa bado zikitazama picha nyeusi na nyeupe. Bara ilikataa kwa miaka mingi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa chombo hicho ni anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo wengi wake walikuwa wakulima wasio na umeme. Mlango ulifunguliwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka wa 1993, na mwaka wa 1994 vituo vya watu binafsi, vikiwamo CTN, ITV na DTV, vikaanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka wa 2000, na mwaka wa 2007 ikaunganishwa na redio ya taifa chini ya Shirika la Utangazaji, TBC. Kanda ya Ziwa ilipata kituo chake, Star TV ya Mwanza, ndugu wa Radio Free Africa; na hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza picha ya habari iliweza kutengenezwa karibu na watu wa ziwa wenyewe.

Hata hivyo meza nyingi za habari zilibaki Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Geita. Umbali huo si wa barabara tu. Mtu anayeamua lipi litangulie katika taarifa ya saa mbili usiku hukaa katika mji ambamo mna wizara, mabalozi, makao ya mabenki na bandari. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo husemwa kumhimiza mtu ahudhurie baraza. Lakini yule aliye chini ya ardhi hawezi kuhudhuria baraza lolote, na ndiyo maana mjumbe wake anapaswa kuwa mwaminifu kuliko wajumbe wengine.

Televisheni ya bara ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ilipofikiwa na mtihani wake mkubwa wa kwanza katika nchi ya dhahabu. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kampuni yenye leseni ianze kazi, na mashimo yao yakafukiwa. Punde yakatokea madai kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikana. Wanasheria wa mazingira waliyachukua madai hayo na kutaka uchunguzi huru; mwaka wa 2001 ubishi ulipamba moto kwa ajili ya mkanda wa video uliotajwa kuwa ushahidi, hata polisi wakafanya upekuzi wakiutafuta; na mwaka wa 2002 mkaguzi wa malalamiko katika taasisi za Benki ya Dunia akaandika kwamba hakuona msingi wa madai. Waliodai hawakuridhika na jibu hilo.

Sina nia ya kukata shauri ambalo wenye ushahidi wameshindwa kukubaliana. Nataka kuonyesha kitu kimoja. Jambo lililotukia mchana, mbele ya umati wa watu, lilibaki na shaka kwa miaka na miaka, na watu wakagombania mkanda mmoja wa picha kama wagombaniavyo hati ya shamba. Lau pangalikuwapo mwandishi asiye wa upande wowote, akakaa pale wiki mbili na kuandika majina ya walioingia na waliotoka, pengine ubishi ungalikuwa mfupi. Ukimya wa siku chache uliacha nafasi ambayo ripoti za baadaye hazikuweza kuijaza.

Siku arobaini na moja

Sasa tuje Nyangarata. Tarehe 5 Oktoba 2015 ardhi iliporomoka katika mashimo ya wachimbaji wadogo. Baadhi waliokolewa mapema, sita hawakuonekana. Siku zilipopita, walio juu walikata tamaa. Huko chini mmoja wa wale sita alifariki. Watano walioishi walikula mizizi, wadudu na vyura, wakanywa maji yaliyodondoka mwambani. Tarehe 15 Novemba walitolewa, wamekonda, lakini wanapumua.

Chukua kalenda ya mwaka huo, ndugu msomaji, uitazame. Mwezi wa Oktoba 2015 ulikuwa kilele cha kampeni za uchaguzi mkuu. Tarehe 25 watu walipiga kura. Tarehe 29 matokeo ya urais yalitangazwa. Tarehe 5 Novemba Rais John Magufuli aliapishwa, mwezi mmoja kamili baada ya shimo kuporomoka. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Chato, wilaya ya mkoa wa Geita, jirani wa nchi hiyohiyo ya dhahabu. Katika majukwaa ya kampeni wachimbaji wadogo walitajwa na kuahidiwa mema. Kwa hiyo katika siku hizo 41 mchimbaji mdogo alikuwa akizungumzwa kwenye televisheni karibu kila juma, na wachimbaji wadogo watano walikuwa wakiishi chini ya ardhi wakihesabiwa kuwa wafu.

Uchaguzi mkuu ulistahili kutangazwa, na mhariri aliyeupa saa nyingi hakutenda kosa. Wala kamera haichimbi udongo. Lakini kamera ina kazi nyingine, nayo ni kuwatia haya wenye vifaa. Shimo linalotazamwa na nchi nzima huletewa mashine, wahandisi na wakuu. Shimo lisilotazamwa huachiwa ndugu wa marehemu na majembe yao. Swali ambalo mkosoaji wa habari angaliuliza wakati ule lilikuwa dogo: je, wale sita wa Nyangarata wamepatikana? Lingeulizwa tarehe 10, likaulizwa tena tarehe 17 na tarehe 30. Mwenye kuuliza hahitaji kuwa na jibu. Yatosha kwamba swali lisifukiwe pamoja na watu.

Walipotolewa, kamera zilikuja mbio. Nchi ikaambiwa juu ya vyura na wadudu. Kisa kikawa cha ajabu, na ajabu haina wa kulaumiwa. Nani aliyekagua shimo lile? Leseni yake ilikuwa ya nani? Matimba ya kuzuia kuta yalikuwa katika hali gani? Uamuzi wa kwamba hapana tena aliye hai ulifanywa na nani, kwa kipimo kipi? Maswali hayo hayana ladha ya ajabu, lakini ndiyo yanayomfaa mtu atakayeingia shimo jingine kesho asubuhi.

Mwaka wa kamera nyingi

Mwaka wa 2017 waweza kutumika kama mizani, kwa sababu nchi ya dhahabu ilitazamwa mno mwaka huo, kwanza kwa namna njema, kisha kwa namna inayotaka kufikiriwa.

Mwishoni mwa Januari watu 15 walinaswa katika mgodi wa Nyarugusu, mkoani Geita. 14 walikuwa Watanzania na mmoja raia wa China. Safari hii habari haikuondoka. Ilifuatwa siku kwa siku, wakuu wa serikali walikuwapo, vifaa vililetwa, na tarehe 29 Januari wote 15 walitolewa hai. Siwezi kusema kwamba televisheni ndiyo iliyowaokoa, kwani waokoaji ndio waliotoka jasho. Lakini mtu akiweka Nyangarata na Nyarugusu kando kwa kando, ataona tofauti kati ya shimo lililosahauliwa na shimo lililotazamwa.

Kisha ukaja mwezi wa Mei. Kamati ya kwanza ya makinikia, iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, ilisoma ripoti yake Ikulu tarehe 24. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ikasoma yake tarehe 12 Juni. Shughuli zote mbili zilirushwa moja kwa moja. Watu walisimama mbele ya televisheni madukani na kwenye vibanda, wakisikiliza hesabu ya makontena 277 ya mchanga wenye madini yaliyozuiwa bandarini, mchanga uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, yaani ardhi ya Kahama. Mwezi wa Julai kampuni ya Acacia ilidaiwa Dola za Marekani bilioni 190, kuwa kodi, riba na adhabu. Kampuni ilikataa. Mwezi wa Oktoba 2019 yakatangazwa makubaliano: Dola milioni 300 kumaliza madai, na kampuni mpya ya ubia, Twiga, ambamo serikali ina hisa za asilimia 16.

Kati ya bilioni 190 na milioni 300 mna tofauti ya zaidi ya mara mia sita. Wako wanaosema kwamba dai kubwa ndilo lililoleta ubia mzuri, na wako wanaosema kwamba hesabu ya kwanza haikuwa na msingi. Wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini mtazamaji wa kawaida hakupewa nyenzo za kuwapima. Hesabu ya kwanza ilitangazwa kwa shangwe, ikarudiwa usiku hata usiku. Ya pili ikatangazwa kwa shangwe vilevile. Na kazi ya kuziweka pamoja mbele ya mwananchi na kumweleza jinsi moja ilivyozaa nyingine haikufanywa inavyostahili. Tukumbuke pia kwamba mwezi wa Januari 2016 serikali ilitangaza kuwa TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Basi hesabu ya dhahabu ikapata kuonekana moja kwa moja ilipokuwa ikisomwa, na mahali palipowekwa na katiba kwa ajili ya kuhoji hesabu pakapungukiwa na macho.

Lugha ya taarifa

Mimi ni mwalimu wa lugha, na sina budi kusema neno juu ya Kiswahili cha taarifa hizi, kwa kuwa lugha ndiyo inayotoa ushahidi hata pale msemaji asipokusudia.

Angalia kwanza kitenzi. Taarifa ya ajali ya mgodi hupenda kusema kwamba kifusi kimewafukia watu, au ardhi imeporomoka, au mvua imesababisha maafa. Katika sentensi hizo mtenda ni udongo na maji. Sarufi imekamilika, na binadamu mwenye dhamana ametoweka. Jaribu kuandika upya kwa kumweka mtenda: fulani aliruhusu watu washuke shimoni ingawa mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mara moja msikilizaji atauliza, fulani ni nani? Na hilo ndilo swali la habari.

Pili, angalia nani anayepewa kiima. Taarifa nyingi za mikoani huanza na cheo: mkuu wa wilaya amewataka wananchi, kamanda ametoa wito, mheshimiwa amewaasa vijana. Mwenye cheo hutenda, mwananchi hutendwa. Mchimbaji akijitokeza, aghalabu hupewa nafasi ya mwisho, sekunde chache, ili alie au ashukuru. Wanafunzi wanaweza kuchukua taarifa moja tu ya ajali, wakaandika pembeni ni nani aliyesema, kwa muda gani, na juu ya nini. Hakuna haja ya nadharia kubwa. Jedwali lenyewe litasema.

Tatu, angalia majina. Mtu yuleyule mwenye sururu huitwa mchimbaji mdogo akiwa katika hotuba, mvamizi akiwa karibu na uzio wa kampuni, na marehemu akishakufa. Huko Geita wenyewe wana msamiati wao uliokamilika. Shimo lao ni duara. Nguzo za kuzuia kuta ni matimba. Mashine ya kusaga mawe ni karasha. Mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa ni magwangala. Kila neno lina elimu ndani yake. Mwandishi asiyejua timba ni nini hawezi kuuliza kama duara lilikuwa na matimba, na asipouliza, mtazamaji wa Dar es Salaam atabaki akidhani kwamba ardhi ya Geita huua watu kwa hasira zake yenyewe.

Udhuru wa mwandishi

Haki inadai tumsikilize na mshitakiwa. Mwandishi wa mkoani aghalabu hana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na isiyotumika ni hasara yake. Mgodi uko mbali, barabara ni ya vumbi, na gari lililopo ni la msafara wa kiongozi. Akipanda gari hilo, atafika na kiongozi, atamsikiliza kiongozi, na ataondoka na kiongozi. Si hila; ni nauli. Mhariri anayemlaumu kwa kukosa sauti ya mchimbaji angeanza kwa kumlipia usafiri wa siku ya pili, siku ambayo msafara umekwisha kuondoka.

Tena kazi yenyewe ina hatari. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa Nyololo, wilayani Mufindi, alipokuwa kazini polisi wakitawanya mkusanyiko wa chama cha siasa. Askari polisi alihukumiwa kifungo mwaka wa 2016. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Huduma za Habari, na mwezi wa Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Mwandishi anayejua hayo yote huchagua maneno yake kwa uangalifu, na pengine uangalifu huo huzaa zile sentensi ambamo udongo ndio mtenda.

Kwa hiyo mkosoaji asiyejua udhuru huu atakuwa mpiga kelele tu. Kukosoa, katika Kiswahili chetu, si kutukana. Ni kutoa kosa, kama mtu atoavyo kibanzi katika jicho la mwenzake. Na mwenye kutoa kibanzi husogea karibu, na mkono wake hautetemeki kwa hasira.

Kazi ya mkosoaji

Mwaka wa 1995 wenye vyombo vya habari na wenzao waliunda Baraza la Habari Tanzania, ili pawe na mahali pa kusuluhisha bila ya kukimbilia mahakamani. Mtu aliyesingiziwa gazetini au hewani aweza kupeleka malalamiko yake, akasikilizwa, na akaombwa radhi. Huo ni msingi mzuri. Lakini tutazame aina ya kosa linaloweza kufikishwa huko. Habari ya uongo ina mlalamikaji, yaani yule iliyemuumiza. Habari iliyokosekana haina mlalamikaji. Wale watano wa Nyangarata wasingaliweza kuandika barua kwa Baraza tarehe 20 Oktoba. Mjane wa mchimbaji, asiyejua kwamba palikuwa na swali lililostahili kuulizwa, hawezi kulalamika kwamba halikuulizwa. Katika nafasi hiyo ndipo anapohitajika mkosoaji: mtu wa tatu, asiye mwandishi wala mfiwa, anayetunza kumbukumbu ya maswali.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Wengi huisoma ibara hiyo kama ngao ya mwandishi. Mimi naisoma pia kama deni lake kwa mtazamaji. Na deni lisilodaiwa hufa.

Ningependa basi kupendekeza kazi ambayo wanafunzi wa vyuo vyetu wanaiweza. Nayataja hasa makundi yanayosoma Mwanza, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kimefundisha waandishi wengi, lakini chuo chochote kinafaa. Wafungue daftari moja la nchi ya dhahabu. Kwa kila ajali iliyotangazwa waandike tarehe, mahali, idadi iliyotajwa, majina ya vyeo vilivyozungumza, na ahadi iliyotolewa mbele ya kamera: tume itaundwa, mgodi utafungwa, wahusika watachukuliwa hatua. Kisha, mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, wafungue ukurasa huo na kuuliza: tume ilisema nini? Mgodi ulifunguliwa lini, na kwa masharti gani? Majibu wayapeleke kwa wahariri na kwa wananchi, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila ya kumtukana mtu. Yaliyofanywa vizuri, kama ya Nyarugusu, nayo yaandikwe, ili mwandishi ajue kwamba kuna anayeona jasho lake.

Maadhimisho ya kweli yangekuwa ya namna hiyo. Tumezoea kuadhimisha kwa kuzindua jiwe, kukata utepe na kumsikiliza mgeni rasmi. Miaka kumi ya Nyangarata haihitaji utepe. Yahitaji mtu wa kusoma tena taarifa za Oktoba 2015, siku kwa siku, na kuweka alama pale ambapo jina la kijiji kile lilipotea.

Nasema hivyo kwa kuwa ardhi haikungoja tujifunze. Mwezi wa Januari 2024, katika msimu wa mvua kubwa, shimo liliporomoka Ng'alita, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, likaua watu 22. Mwezi wa Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Kila mara kamera zilifika, viongozi walifika, pole zilitolewa. Ni habari za kweli zote, na waliozileta walifanya kazi yao ya siku hiyo. Kazi iliyobaki ni ya siku ya pili, na ya tatu, na ya arobaini na moja. Daftari la kuifanyia bei yake ni ndogo, na swali la kuliandika katika ukurasa wa kwanza tunalo: wale waliotajwa jana, wamepatikana?